Ukiuza Camaro, toa na nywila

Wamarekani wana mtindo wa kuchukua Chevrolet Camaro ya 1969, kung'oa injini ya kabureta na kuweka LS, ile V8 ya General Motors iliyoanza na Corvette ya 1997. Hiyo kwa kawaida huendeshwa na kompyuta. Fundi huandika humo kiasi cha petroli na wakati wa plagi kutoa cheche, na pengine huifunga kwa nywila.

Siku ya kuuza, mwenyewe anasifu rangi na magurudumu tu! Kwangu huyo anauza nusu gari. Faili ya fundi iko wapi? Mnunuzi akibadilisha injekta kesho ataanzia sifuri, kama sisi tunaporithi programu bila msimbo wake (hapo nimeshalia mara kadhaa).

Injini ya zamani nayo ipewe mnunuzi. Imegongwa sehemu ya nambari ya chasisi, na wanaokusanya magari haya hulinganisha nambari hizo kabla hata hawajataja bei. Ukishaiuza kwa watu wa vyuma chakavu, hakuna fundi atakayekurudishia.