Daftari la Jumuiya na Funguo Zake

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ni wa zama za karatasi na wino, lakini leo unazihusu mno jumuiya zisizo za kiserikali za hapa Pemba, ambazo zimo katika kuyatoa madaftari yao kabatini na kuyatia katika kile kinachoitwa hifadhi ya wingu. Majina ya wanachama, hisa za akiba, hesabu ya miche iliyopandwa na mafaili ya watu waliosaidiwa sasa huandikwa kwa simu au kompyuta na kuwekwa mbali na ofisi. Sisi tunaliunga mkono jambo hili. Hata hivyo hatuna budi kuuliza swali moja ambalo halijaulizwa vya kutosha: ufunguo wa daftari hilo anao nani?

Kwanza jambo lenyewe lieleweke. Hilo wingu haliko angani. Ni kompyuta kubwa za makampuni, zilizowekwa katika majumba maalumu, aghalabu nje ya nchi, ambamo jumuiya hupewa nafasi ya kuweka kumbukumbu zake na kuzifikia kwa njia ya mtandao. Kwa maneno mengine, ni kuweka amana katika nyumba ya mtu mwingine.

Faida zake hazina ubishi. Daftari lililoko Chake Chake halimfai katibu aliyeko Kojani au Kisiwa Panza mpaka avuke kwa chombo na apande gari. Unyevu, mchwa na panya wa visiwa vyetu hawachagui karatasi. Kwa utaratibu huu mpya, lililoandikwa Micheweni asubuhi husomwa Mkoani asubuhi ile ile. Zipo hata programu, kama KoboToolbox, zinazomwezesha mwandishi kujaza fomu mahali pasipo na mtandao na kuituma baadaye mtandao unapopatikana.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wataalamu, hayamhusu mkulima wala mvuvi. Kwa hao tunakumbusha tukio la hapa hapa kisiwani. Kuanzia mwaka 2002 watoto wa Pemba wenye umri wa chini ya miaka mitatu walipewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi katika uchunguzi mkubwa uliofanywa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Watoto zaidi ya 24,000 waliingizwa katika sehemu hiyo ya uchunguzi. Kila mtu alitaraji kuwa vidonge vingewanufaisha. Lakini kila mtoto aliandikwa, na kila aliyelazwa hospitali au kufariki aliandikwa pia. Kamati iliyokuwa ikizipitia hesabu hizo iliona kwamba waliopewa madini ya chuma walikuwa wakiumia zaidi kuliko wasiopewa, na tarehe 19 Agosti, 2003 utoaji wa vidonge hivyo ukasimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa hatari ya watoto hao kufariki au kulazwa ilizidi kwa asilimia 12. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake juu ya kuwapa watoto madini ya chuma katika maeneo yenye malaria mengi.

Hakukuwa na wingu wakati huo. Kilichowaokoa watoto ni uandishi mwaminifu na kuwepo mtu mwingine wa kuusoma. Uandishi ukiwa wa uongo au wa uvivu, programu ya ghali kuliko zote itahifadhi uongo ule ule. Sisi Waislamu tumefundishwa hayo tangu chuoni: aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, mwandishi muadilifu na mashahidi.

Sasa turejee kwenye ufunguo. Vikundi vya kuweka na kukopa vina sanduku la fedha lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu mbali mbali. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya mkutano. Kina mama wasiojua kompyuta wameufuata utaratibu huo bila ya kusimamiwa na mtu. Je, jumuiya yenye ofisi na wasomi itakuwaje na daftari ambalo neno lake la siri analijua kijana mmoja tu, au limefunguliwa kwa jina la mfadhili? Kijana akihama, au mradi ukimalizika na mfadhili akaacha kulipia, jumuiya itabaki haina hata orodha ya wanachama wake.

Pia kuna suala la siri za watu. Faili la mtoto aliyedhalilishwa au la mgonjwa halifanani na hesabu ya miche. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa na Bunge la Jamhuri ya Muungano mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, imeweka msingi kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zisitumiwe kwa lengo jingine, na imeweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Msingi huo utufunge na sisi viongozi. Orodha ya wanachama wa jumuiya si mali ya kiongozi yeyote, awe wa Serikali au wa Chama, na asitokee mtu kuidai kwa cheo chake.

Vile vile tusisahau kuwa njia ya kufikia amana hii imepita baharini. Tarehe 12 Mei, 2024 nyaya za mawasiliano za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya bahari, mtandao ulizorota Tanzania na katika nchi jirani. Sisi ambao tangu mwaka 2010 tunapata umeme kwa waya uliotoka Tanga, tunajua maana ya kutegemea waya mmoja.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa jumuiya zote. Akaunti ifunguliwe kwa jina la jumuiya, si la mtu wala la mfadhili. Maneno ya siri yawe na wasimamizi zaidi ya mmoja, na yabadilishwe kila uongozi unapobadilika. Kila mwezi nakala itolewe na kuwekwa ofisini. Mkataba na mfadhili utaje siku ya kukabidhi kumbukumbu zote kabla mradi haujafungwa. Mwisho, hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu kwa Kiswahili kinachoeleweka, ili mwanachama aliyeweka hisa yake aweze kusimama na kuuliza.

Jumuiya itakayofanya hivyo itakuwa imeipokea teknolojia mpya bila ya kuwapokonya wanachama daftari lao.