Mazungumzo ya Nyumbani: Siku Mbili Mjini Köln



Tangu tuliporudi kutoka Ulaya wengi wamenishika mkono baada ya Misa wakitaka habari, na mwalimu mmoja akaniambia, "Katekista, utuandikie yote uliyoyaona." Basi nitawaandikia, lakini si yote. Kutaka kuona yote ndiko kulikoniaibisha mbele ya mwanangu, kama mtakavyosikia.

Mwaka 2023, mwezi wa Oktoba, parokia moja ya Ujerumani iliyo na urafiki na parokia yetu hapa Kyela ilitualika mimi na Mama Anna, pamoja na watoto wetu wawili, Anna mwenye miaka 12 na Yosefu mwenye miaka 7. Kazi ya ziara ilipokwisha, wenyeji wetu wakatupa siku mbili za mapumziko, tukatembee katika mji wa Köln, ambao Waingereza huuita Cologne. Watu wa huko wana desturi hiyo. Jumamosi baba na mama huchukua watoto wao, hupanda treni, huenda mji mwingine, hulala usiku mmoja, na Jumapili jioni hurudi kwao. Hawaendi kwenye msiba, wala arusi, wala biashara. Huenda kutazama tu na kufurahi pamoja. Nikaona ni desturi njema, nami nikajitayarisha kwayo kama mtu anayejitayarisha kwa mtihani.

Nikachukua karatasi, nikaandika mambo ya kutazama, moja hata kumi na moja, na kando ya kila jambo nikaandika saa yake. Mama Anna akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Baba Anna, hapa umeandika saa za kila kitu, ila saa ya kula sikuiona." Nikamjibu kwamba tutakula tukitembea. Hakusema neno tena. Ninyi mlio na wake mnajua maana ya kunyamaza kwa namna hiyo.

Mji wa Köln uko kando ya mto mkubwa uitwao Rhein. Ni mji wa kale mno. Warumi waliupa cheo cha koloni mwaka 50 baada ya kuzaliwa Bwana wetu, na ndiyo asili ya jina lake. Ukitoka katika stesheni ya treni huna haja ya kuuliza njia, kwa maana Kanisa Kuu limesimama mbele yako, hatua chache tu, jeusi, refu, lenye minara miwili ya mita 157. Mama Anna akainua uso kutafuta mwisho wake, hata kilemba kikamwanguka. Yosefu akauliza, "Baba, nani aliyepanda kule juu kuweka lile jiwe la mwisho?"

Swali lake lilikuwa jema kuliko alivyojua. Jiwe la kwanza la kanisa lile liliwekwa tarehe 15 Agosti 1248, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria. Jiwe la mwisho likawekwa mwaka 1880. Hesabuni wenyewe: miaka 632! Katikati, katika karne ya 16, kazi ilisimama, na winchi kubwa ya mbao iliyokuwa ikipandishia mawe ikabaki juu ya mnara usiokwisha kwa mamia ya miaka, wazazi wakiwaonyesha watoto wao, nao wakiwaonyesha wajukuu, hata mwaka 1842 kazi ikaanza tena. Hata leo kuna mafundi wanaotengeneza mawe yaliyoliwa na mvua na moshi. Watu wa mji husema kwa mzaha kwamba siku kanisa lile litakapokwisha kabisa, ndipo dunia nayo itakapokwisha. Basi sisi ambao kigango chetu kimekaa miaka minne bila bati, tusikate tamaa. Lakini tusifanye habari hii kuwa udhuru.

Tukaanza kwa kupanda mnara, kwa sababu ndivyo karatasi ilivyosema. Ngazi zake ni 533, za mawe, nyembamba, zinazunguka kama kome, nao wanaoshuka hukutana nanyi wanaopanda, hata imepasa kuvuta tumbo ndani ili mwenzako apite. Yosefu alikuwa akizihesabu kwa sauti. Alipofika 212 mama mmoja mnene akamsalimu, naye akasahau hesabu, akataka turudi chini aanze upya. Nikamkatalia. Njiani tukaiona kengele kubwa ya Mtakatifu Petro, iliyotengenezwa mwaka 1923, uzito wake tani 24. Juu kabisa, karibu mita 100 kutoka chini, tukauona mto, na madaraja, na treni zikitambaa kama jongoo. Anna akasema, "Baba, tukae kidogo." Nikatazama saa, nikasema, "Hapana, tumekwisha kuchelewa dakika 20."

Tukashuka. Tukaingia ndani ya kanisa mbio mbio. Nikasimama mbele ya sanduku la Mamajusi, nikasoma kitabu changu kwa sauti kana kwamba nafundisha darasa la Kipaimara. Sanduku lile ni la dhahabu, refu zaidi ya mita 2, lililofanyizwa na mafundi wa kale tangu yapata mwaka 1180, na ndani yake yamewekwa masalia yaliyoletwa kutoka Milano mwaka 1164, ambayo watu wameyaheshimu tangu hapo kuwa ya wale watu wenye hekima wa mashariki. Kwa ajili yao mji ule una mataji matatu katika ngao yake. Nikasoma yote hayo vizuri. Nilipogeuka kuona kama watoto wamesikia, Yosefu hakuwapo.

Moyo wangu ulishtuka, nikaacha kitabu. Tukamtafuta huku na huku, na baada ya dakika chache ambazo kwangu zilikuwa kama saa nzima, tukamwona amesimama chini ya sanamu kubwa sana, kubwa kuliko mtu mara mbili, iliyo juu ya nguzo. Ni Mtakatifu Kristofa, aliyechongwa yapata mwaka 1470, mwenye fimbo mkononi, amembeba Mtoto Yesu begani ili kumvusha mto. Nilikuwa tayari kumkemea. Lakini mtoto akaniwahi, akanena, "Baba, huyu mzee mbona anambeba mtoto, nawe hunibebi? Miguu yangu imekufa."

Wasomaji wangu, nimefundisha katekisimu zaidi ya miaka 20, wala sijapata kuhubiriwa hivyo. Nilikuwa nimeitazama dhahabu ya Mamajusi, waliosafiri mbali ili kumtazama Mtoto, nami mtoto wangu mwenyewe sikumtazama tangu asubuhi. Nikainama, nikampandisha begani. Mama Anna hakusema kitu, bali alinyosha mkono, nami nikampa ile karatasi. Akaitia mkobani mwake, wala sikuiona tena hata tuliporudi Kyela, aliponionyesha kwamba alifungia kikombe kisivunjike.

Tukatoka, tukanunua mikate na soseji, tukaketi ngazini tukala. Ndipo ukawa mwanzo wa matembezi yetu. Tukafanya shauri: kila mtu achague jambo moja tu, na wengine wamfuate pasipo kunung'unika.

Mama Anna akachagua kutembea polepole kando ya mto. Tukafika kwenye daraja kubwa la treni, liitwalo Hohenzollern, lililovunjwa wakati wa vita mwaka 1945 na kujengwa tena baadaye. Katika uzio wake zimefungwa kufuli, maelfu kwa maelfu, nyekundu, za shaba, za kila namna. Desturi hiyo ilianza huko mwaka 2008: wachumba huandika majina yao katika kufuli, hulifunga darajani, na ufunguo huutupa mtoni, ili upendo wao usifunguke. Mama Anna akacheka hata akashika uzio. Akasema, "Kwetu kufuli ni la kumzuia mwizi. Kama mume atazuiliwa na kufuli, heri nimfungie mlangoni kuliko darajani." Nikamkumbusha kwamba sisi tulifungwa altareni bila ufunguo. Akasema hilo linatosha.

Yosefu akachagua chemchemi ya vijitu, ambayo mwenyeji wetu alikuwa amemsimulia. Iko karibu na Kanisa Kuu, nayo imejengwa mwaka 1899. Hadithi yake ni hii. Zamani mjini Köln walikuwako vijitu vifupi ambavyo usiku, watu wakilala, vilimaliza kazi zao zote: vilioka mikate, vilipasua mbao, vilishona nguo. Watu wakawa wavivu sana. Mke wa fundi cherehani akatamani kuviona, akamwaga njegere ngazini. Vijitu vikateleza, vikaanguka mmoja juu ya mwingine, vikakasirika, vikaenda zao hata leo. Tangu siku hiyo kila mtu wa Köln hufanya kazi yake mwenyewe. Yosefu akauliza kama twaweza kuvialika Kyela wakati wa kuosha vyombo. Dada yake akamjibu kwamba nyumbani kwetu kijitu hicho kipo, na jina lake ni Anna.

Jumapili tukasali Misa katika Kanisa Kuu. Lugha sikuielewa vema, lakini Misa niliielewa, na hiyo ndiyo raha ya Mkatoliki ugenini. Kisha ikawa zamu ya Anna, naye akachagua nyumba ya chokoleti.

Mimi nilikuwa nimeiacha katika karatasi yangu, nikiona ni mchezo wa watoto. Ni jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1993, karibu na maji ya Rhein, nalo huonyesha habari zote za kakao, tangu mti hata peremende. Basi ninyi watu wa Kyela mmekwisha kuelewa. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka kwetu. Mimi mwenyewe nimeivuna tangu utoto, na ada ya shule ya Anna hutoka katika miti ile iliyo nyuma ya nyumba.

Ndani ya jumba mna chumba cha vioo chenye joto na unyevu kama kwetu mwezi wa Machi. Miwani yangu ikaingia ukungu, nikawa kipofu. Nikasikia tu sauti ya Yosefu ikipiga kelele, "Kakao! Baba, kakao yetu!" Nilipoifuta miwani nikaona miti imesimama pale, katikati ya baridi ya Ulaya, na watoto wa Kizungu wakiizunguka kama sisi tulivyolizunguka Kanisa Kuu. Anna, kwa Kiingereza chake cha shule, akawaeleza jinsi tunda linavyopasuliwa, jinsi mbegu zinavyofunikwa kwa majani ya migomba siku kadha wa kadha ili zichachuke, kisha zinavyoanikwa juani na kugeuzwa geuzwa. Baba mmoja Mjerumani akamwuliza swali, naye akajibu. Nami nikasimama nyuma, kimya, nikimsikiliza mwalimu wa nyumba yangu.

Mbele kidogo pana mashine za kukaanga, kusaga na kukoroga, na mwisho chemchemi ya chokoleti yenye urefu wa mita 3. Mhudumu huchovya kaki nyembamba humo na kumpa kila mgeni. Anna akala, akafumba macho. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, sisi huianika kila mwaka. Mbona hatukupata kujua kwamba huishia hapa?"

Sikuwa na jawabu la kumpa. Nikamwambia ukweli, kwamba hata mimi, katika umri wangu wa miaka arobaini na zaidi, sikupata kuona mbegu zangu zikigeuka kitu hiki. Tumezoea kupima gunia, kupokea fedha na kurudi nyumbani. Akafikiri, akasema, "Basi tukirudi tujaribu." Na tuliporudi tulijaribu. Mama Anna alizikaanga mbegu chunguni, Anna akazimenya na kuzitwanga kinuni, tukatia maziwa na sukari. Ilikuwa na chengachenga, wala haikufanana na ile ya Köln. Tukainywa yote, na jirani wakaja kuuliza harufu ile ni ya nini. Siku hizi Anna huipika kila Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Naona wengine wenu mnasema, "Katekista amealikwa, sisi nani atatualika?" Lakini sikuandika ili mtamani Ulaya. Ufuo wa Matema hauko mbali nasi, na walio pwani wana Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Siku mbili zatosha. Ila mkienda, shikeni haya niliyoyanunua kwa aibu. Msiandike mambo kumi na moja, kwa kuwa mshika mbili moja humponyoka, na mshika kumi na moja huponyokwa na mtoto. Kila mmoja achague jambo moja, hata mdogo kabisa. Chakula kiwe na saa yake. Na mtoto akisema miguu imekufa, mbebeni kwanza, historia msome baadaye.

Yosefu akiulizwa aliona nini Ulaya, hataji minara wala dhahabu. Husema, "Baba alinibeba." Mwanzoni nilimsahihisha. Sasa namwacha aseme.

Ndimi ndugu yenu katika Kristu,
Katekista