Limiti Si Pesa Yako

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, watu hudhani ninaijua programu fulani ya simu itakayofanya pesa zao zifike mwisho wa mwezi. Nimeulizwa na jamaa, nimeulizwa na majirani, hata wenzangu wa kazini wameniuliza. Jibu langu huwa lile lile: nunua daftari. Wengi hucheka. Basi leo nieleze kwa nini sifanyi mzaha.

Tuanze na hizo programu za bajeti. Nyingi zimetungwa kwa ajili ya mtu anayelipwa mara moja kwa mwezi, benki, na anayenunua vitu kwa kadi. Hebu nionyesheni mtu huyo mtaani kwenu! Mama mboga hupata pesa kila siku. Fundi hupata akimaliza kazi, tena akilipwa. Mwenye bodaboda hutegemea mvua na bei ya petroli. Kumwambia mtu kama huyu apange bajeti ya mwezi ni kumpa kiatu cha mwenzake. Yeye anahitaji hesabu ya siku. Kodi ya nyumba ikiwa 6,000 na anafanya kazi siku 25 kwa mwezi, basi kila siku shilingi 240 si zake, ni za mwenye nyumba. Aziweke kando kabla hajanunua hata unga. Hesabu hiyo haihitaji bando.

Lakini programu za bajeti hazina madhara makubwa. Utaiweka kwenye simu, utaitumia wiki mbili, utaisahau. Kinachobomoa nyumba zetu ni mikopo ya simu, na hasa lile neno tunalolitamka kwa fahari: limiti. "Limiti yangu imepanda!" Mtu anafurahi kama aliyeongezwa mshahara. Ndugu yangu, limiti si pesa yako. Ni kipimo cha deni ambalo mwenye mkopo anaamini unaweza kulibeba huku ukiendelea kumlipa.

Tupige hesabu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Inaonekana ndogo. Sasa mchukue mtu aliyekopa 5,000. Mwisho wa mwezi analipa 5,375, na kwa kuwa malipo hayo yamemwacha mtupu, anakopa 5,000 tena siku hiyo hiyo. Akifanya hivyo mwaka mzima atakuwa amelipa ada ya 4,500, na bila kuhesabu ushuru. Deni lenyewe la 5,000 bado liko pale pale. Sacco nyingi hutoza 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua. Mwezi wa kwanza wa mkopo kama huo ni riba ya shilingi 50, si 375.

Halafu ikaja Fuliza, Januari 2019. Hapa Waswahili hatuna kisingizio, maana jina limesema ukweli wote. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Unalipia kitu, salio halitoshi, pengo linazibwa. Pesa ikiingia kwenye simu, deni linajikata lenyewe kwanza. Kwa hiyo pesa uliyotumiwa ya mboga inafika ikiwa pungufu, unafuliza tena ili ununue mboga ile ile. Katika kuandika programu tuna kitu tunachokiita kitanzi: amri zinazojirudia mpaka sharti fulani litimie. Kitanzi kisicho na sharti la kutokea huzunguka bila mwisho mpaka programu inaganda. Nyumba nyingi zimeganda namna hiyo.

Najua nitakachojibiwa. "Mtoto akiugua saa tatu usiku, Sacco gani itanifungulia mlango?" Ni kweli, na sitabisha. Kwa jambo kama hilo mkopo wa simu umeokoa watu. Tena si yote iliyo ghali: Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilikuja na riba ya 8% kwa mwaka. Lakini tuambiane ukweli. Je, karo ya Januari ni dharura? Januari haijawahi kuchelewa. Kodi ya nyumba ni dharura? Gesi kwisha ni dharura? Haya ni mambo yenye tarehe. Dharura yenye tarehe ni uzembe wa hesabu tu. Na kwa dharura ya kweli, shilingi 100 kila wiki ni 5,200 kwa mwaka. Hiyo ndiyo limiti ninayoitambua mimi.

Mwingine atasema serikali itulinde. Imejaribu. Sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa Desemba 2021 ili wakopeshaji wa kidijitali wawe na leseni, na kanuni za 2022 zikakataza kuwatisha na kuwaaibisha wadaiwa. Ni jambo jema. Lakini leseni haipunguzi deni lako hata kwa senti.

Sasa kwa nini daftari? Kwa sababu ugonjwa mkubwa wa mkopo wa simu ni usiri. Zamani deni la nyumba liliandikwa kwenye kitabu cha mwenye duka, na mtoto aliyetumwa sukari alirudi na habari. Siku hizi baba ana deni lake nyuma ya PIN, mama ana lake nyuma ya PIN, na wote wawili wanashangaa mshahara unakwenda wapi. Daftari halina PIN. Liweke juu ya meza. Andika tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Ukurasa wa mwisho uwe wa madeni, na usiandike ulichokopa, andika utakacholipa. Ada za kutoa pesa kwa ajenti ziandike pia. Mwisho wa mwezi piga *334#, omba taarifa yako ya M-Pesa, ulinganishe.

Na aliye ndani ya kitanzi tayari? Asikope kiasi kile kile. Aliyezoea 5,000 akope 4,500 mwezi ujao, halafu 4,000, apunguze 500 kila mara. Baada ya miezi kumi ametoka. Ada yote, kwa ile 7.5%, itakuwa kama 2,060 badala ya 3,750 ambazo angelipa kwa kubaki pale pale. Si rahisi, maana kila mwezi kuna 500 ya kutafuta. Lakini ada inapungua pia, kwa hiyo mwezi wa mwisho ni mwepesi kuliko wa kwanza.

Wenzangu wa fani hii watanuna. Sawa. Anayenipinga aniandikie, ila aje na hesabu, asije na tangazo.