Tuwashike Mkono Wanaosomea Simuni

Kijana wa mtaani akijiandikisha katika kozi ya mtandaoni, majirani humpongeza. Akianza kuchelewesha kazi, akanyamaza, hatimaye akaacha, mtaa mzima huwa na jibu moja: alikuwa mvivu, simu ilimpoteza, hakujua anachokitaka. Nimeyasikia maneno hayo Umoja, nimeyasikia Kayole na Jericho, mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, na leo nataka kuyapinga waziwazi. Wengi wa vijana hawa hawakushindwa na masomo. Walilemewa, na walipolemewa hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewauliza hali.

Tuchukue mfano wa msichana anayeishi Pipeline, orofa ya sita, chumba kimoja na mama yake na wadogo zake wawili. Majumba yamebanana hivi kwamba hata saa sita mchana hana budi kuwasha taa ndipo aone daftari. Mchana kutwa yuko kibaruani Industrial Area. Mhadhara unaanza saa moja jioni, saa ile ile ambayo ugali unasongwa hatua mbili kutoka alipoketi, na mdogo wake anaogeshwa kwenye beseni nyuma yake. Mhadhiri anasema, "Washeni kamera." Hawezi kuiwasha. Mhadhiri anadhani hayupo. Bando alilonunua linaisha kabla ya kipindi cha maswali.

Wiki ya kwanza anakosa zoezi moja. Kufikia wiki ya nne yamekuwa matano. Mwenye deni dukani likimzidi hupita njia ya nyuma asikutane na mwenye duka, na binti huyu naye anaanza kuukwepa ukurasa wa kozi vivyo hivyo. Usiku mmoja anajikaza, anaandika: "Habari ya jioni mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Nimebaki nyuma na sijui nianzie wapi." Anausoma ujumbe, anaona haya, anaufuta. Muhula unapokwisha rekodi zinaonyesha kwamba hakumaliza. Hakuna rekodi ya ujumbe ule.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na walimu wengi hujikinga kwa methali hiyo. "Niliwaambia waulize wakikwama," husema. Lakini ili mtu aulize, lazima kwanza ajue ni wapi hasa alipokwama. Aliyelemewa hajui. Mbele yake mambo yote ni rundo moja, na kumtaka alipange rundo hilo liwe swali ni kumpa kazi ile ile iliyomshinda. Ndiyo maana nasema mwalimu ndiye anayepaswa kutangulia kuuliza.

Wala tusidhani ni tatizo la Eastlands peke yake. Watafiti waliochunguza kozi huria za mtandaoni za Harvard na MIT walichapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 2019: kati ya wote waliojiandikisha mwaka wa 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu. Ni kweli kwamba wengi hujiandikisha kozi hizo ili wachungulie tu. Hata hivyo, kiwango hicho hakikupanda kadiri miaka ilivyosonga, kilishuka. Masomo yalikuwapo, ya walimu hodari, tena bure. Kuyaweka masomo mbele ya mtu hakukutosha huko, na hakutatosha hapa.

Najua watakaonijibu kwa jina la mwanasiasa Tom Mboya. Watasema Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950, akitoka kazini anasoma kozi za posta za chuo cha Efficiency Correspondence College cha Afrika Kusini, na hakubembelezwa na mtu. Ni kweli alisoma hivyo, na namheshimu kwa hilo. Lakini mfumo wa elimu haupimwi kwa watu wa aina ya Mboya, ambao wangefika hata wakifungiwa njia. Unapimwa kwa kijana wa kawaida, mwenye akili timamu na nia njema, ambaye amechoka.

Na waliotutangulia walilijua hilo. Mwaka 1967, kabla Nairobi haijawa na chuo kikuu kamili, University College Nairobi ilianzisha kitengo cha masomo ya posta kwa ajili ya walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja. Hawakutumiwa vijitabu tu wakaachwa. Kulikuwa na vipindi vya redio, na pia vikao vya ana kwa ana ambapo mwanafunzi aliketi na mkufunzi akamweleza panapomtatiza. Nchi ilikuwa changa na fedha zilikuwa haba, lakini mtu aliwekwa kati ya kitabu na msomaji. Leo tuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake tarehe 3 Agosti 2023, na vyuo vingine chungu nzima vinavyofundisha mtandaoni. Itakuwa aibu tukiwa na vyombo bora kuliko vya 1967 na huruma pungufu.

Ushahidi kwamba mtu huyo wa kati husaidia upo hata wa miaka ya karibuni. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, watafiti nchini Botswana walijaribu njia mbili kwa watoto wa shule za msingi. Baadhi ya familia zilitumiwa hesabu kwa ujumbe mfupi peke yake. Nyingine zilipata ujumbe pamoja na simu ya mkufunzi kila wiki, dakika chache tu, mtoto na mzazi wakisikiliza. Waliopigiwa simu ndio waliopiga hatua. Ni haki niseme pia kwamba jaribio jingine la simu za walimu, lililofanywa hapa Kenya, halikupandisha alama. Basi simu haina uchawi. Kilicho muhimu ni kinachosemwa ndani yake.

Nisemeje basi na wahadhiri? Nawasihi waanze na lile wanaloliona tayari. Mfumo wa kozi huonyesha ni nani hajafungua somo tangu Jumatatu ya juzi. Mpigie. Usimwulize kwa nini amechelewa, maana hilo litamfanya aombe radhi na kukata simu. Mwambie: "Hayo mazoezi manne ya nyuma yaweke kando kwanza. Fanya la wiki hii, swali la kwanza tu, unitumie Ijumaa hata kama hujalimaliza." Maneno hayo hayachukui hata dakika mbili, na yamempa pa kuanzia. Yale manne mtayapangia siku baadaye, bila kumkata alama. Rekodi mhadhara kwa sauti peke yake, faili liwe dogo, alisikilize ndani ya matatu. Na usimlazimishe mtu kuonyesha chumba chake kwenye kamera.

Mhadhiri atasema ana wanafunzi mia tatu. Namwamini. Ndipo ninapogeukia vyuo: kozi ya mtandaoni imewaepusha kujenga madarasa na mabweni. Sehemu ya akiba hiyo iwalipe wakufunzi wasaidizi, wahitimu wa mitaa hii hii wasio na kazi, kila mmoja apewe wanafunzi wachache anaowajua kwa majina.

Wazazi nao, nisikilizeni. Kijana anayesomea nyumbani huonekana hana kazi, kwa hiyo yeye ndiye hutumwa dukani, yeye ndiye husubiri maji yatoke ajaze mitungi, yeye ndiye huachiwa mtoto. Mpeni saa mbili zake kila siku, zijulikane na nyumba nzima, redio ishushwe. Ukimwona amenyamaza na simu yake, kabla ya kumgombeza mwulize leo alikuwa anasoma nini.

Nyumba zetu lakini ni finyu, na zipo nyumba ambazo utulivu wa saa mbili hauwezekani hata kila mtu akitaka. Makadara na Kaloleni tuna maktaba za umma, matawi ya Maktaba ya McMillan, ambazo Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limezikarabati hadi zikapendeza. Tuna kumbi za kijamii, Kaloleni na Pumwani. Tuna makanisa na misikiti yenye viti visivyokaliwa siku za juma. Hizo ziwe wazi kwa wanafunzi hawa kuanzia jioni hadi saa tatu usiku, pakiwa na meza, soketi, intaneti na mlinzi. Kwa upande wa maktaba na kumbi, uamuzi uko mikononi mwa Kaunti ya Nairobi. Wakazi wa Kaloleni, Makadara na Pumwani wamwendee mwakilishi wao wa wadi na ombi hilo, kwa maandishi, kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.