Uchumi Si Mvua

Ndugu wanachama, kila tunapodai mishahara huambiwa tungoje mpaka hali ya uchumi iwe njema, kana kwamba uchumi ni mvua ya Mungu. Sisi watu wa reli hatudanganyiki upesi, maana tunajua habari za mizigo.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye matawi yakapelekwa Solai, Kitale na Thomson's Falls, ndiyo Nyahururu ya leo. Kwa nini huko? Mashamba ya masetla yalikuwa huko. Katika miaka ya 1920 mahindi yao ya kwenda ng'ambo yalibebwa kwa malipo madogo, na nguo zitokazo ng'ambo, anazovaa maskini, zikatozwa malipo makubwa. Mwaka 1942 serikali iliposhika biashara ya mahindi, gunia la setla lilipewa bei kubwa kuliko la Mwafrika. Na mahindi ni yale yale!

Tazameni kahawa pia. Udongo wa Nyeri haukubadilika. Lakini mkulima Mwafrika alinyimwa ruhusa ya kuipanda mpaka miaka ya 1930, tena ikaanza kidogo tu, huko Kisii, Embu na Meru. Mpango wa Bwana Swynnerton wa mwaka 1954 ulipofungua mlango, kahawa ikaenea upesi. Wakulima wadogo wa chai nao waliundiwa KTDA mwaka 1964, wakapata miche, magari ya kuchukua majani, na viwanda.

Basi wajumbe wetu wakienda kuzungumza mishahara, waulize kwanza: bei na kodi zilipangwa katika halmashauri gani, na mfanyakazi alikuwa na kiti humo?