Picha ya Chembe Imetoka Upande Wetu



Juma lililopita, katika somo la biolojia, mwalimu alichora chembe ubaoni, nasi tukanakili: utando, kiini, mitokondria, lizosomu. Mmoja wetu akauliza: «Mwalimu, ni nani aliyeviona vitu hivi?» Mwalimu akajibu kwamba vilionekana kwa mikroskopi ya elektroni. Basi makelele yakaanza. Wamoja walisema: «Ile iko mashini ya Wazungu, inatuhusu nini? Tukariri tu, tupate pointi.» Kengele ikalia tukiwa bado tunabishana, na tuliendelea hata uwanjani.

Sisi tunaoandika hapa hatukubaliani na hao. Picha moja kubwa katika historia ya mashini hiyo ilianza kwenye barabara yetu wenyewe, ile inayopita duane ya Bunagana, ikafika Kisoro, Kabale na mwisho Kampala.

Sikilizeni. Katika mwaka 1957, kwenye hospitali ya Mulago kule Kampala, munganga wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa amwangalie mtoto aliyevimba mataya. Siku zilizofuata akaona mwingine, tena mwingine. Hakuwa na mashini kubwa. Aliandikia barua hospitali nyingi za Afrika akauliza kama wanaona uvimbe huo, kisha akachora ramani. Katika 1961 yeye na rafiki wawili walipanda gari, wakasafiri karibu kilomita 16.000 wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba kansa hiyo inapatikana zaidi nchi za joto na mvua, na ni haba katika nchi za juu zenye baridi. (Sisi wa chini ya Muhabura, ambao husikitikia baridi kila asubuhi, tujue kwamba baridi nayo ina faida.) Baadaye wanasayansi walielewa kwamba malaria inaisaidia kansa hiyo kupata nafasi mwilini.

Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alizungumza juu ya uvimbe huo huko London. Katika wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein, aliyezoea mikroskopi ya elektroni. Akafikiri: pengine kuna virusi ndani. Tangu hapo vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vinapanda ndege kutoka Kampala kwenda London. Karibu miaka miwili walitazama, hawakuona kitu.

Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester. Kilipofika London kwa kuchelewa, maji yaliyokizunguka yalikuwa yamechafuka, kama yaliyooza. Mtu mwingine angetupa. Epstein akachukua tone moja akaliweka chini ya mikroskopi ya kawaida, ile ya mwanga, na kumbe hazikuwa bakteria! Zilikuwa chembe za uvimbe wenyewe, hai, zinaelea. Mwenzake Yvonne Barr akazikuza katika chupa. Februari 1964 wakazitia katika mikroskopi ya elektroni, na mara moja virusi vikaonekana ndani ya chembe. Epstein alizima mashini akiogopa elektroni zitaunguza kile alichokiona, akatoka nje kutembea katika theluji hata bila koti. Mwezi uliofuata wakatangaza. Ilikuwa mara ya kwanza kupata virusi vinavyohusika na kansa ya binadamu.

Kwa nini mikroskopi ya mwanga isingetosha? Gawa milimeta moja mara milioni, upate nanometa. Mwanga unashindwa kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko nanometa 200 hivi, na virusi vingi ni vidogo kuliko hapo. Elektroni zinapita mbali zaidi. Lakini zinataka bomba lisilo na hewa, kwa hiyo chembe haiwezi kuwa hai humo. Inagandishwa kwa dawa, inakaushwa, inafungwa katika plastiki, kisha inakatwa kwa kisu cha kioo au cha almasi. Vipande ni vyembamba sana: upana wa unywele mmoja ungetoa karibu elfu. Halafu wanavipaka chumvi za metali nzito ili vionekane. Tena jueni kwamba picha inatoka nyeusi na nyeupe. Ile mitokondria nyekundu ya kitabu imepakwa rangi na watu! Wengi wetu tulichora nyekundu tukidhani ndivyo ilivyo.

Jambo moja linatuuma. Virusi hivyo vinaitwa Epstein-Barr. Bert Achong, mtu wa Trinidad, ambaye kazi yake ilikuwa hasa kwenye mikroskopi ile na ambaye alitia sahihi pamoja nao, jina lake halimo. Na yule mtoto wa Uganda ambaye nyama yake ilisafiri katika ukungu, je? Hatusemi walifanya vibaya kutazama. Tunasema aliyetoa chembe naye yumo katika historia hii, hata kama kitabu kimemsahau.

Mambo kama hayo yalitokea pia katika inchi yetu. Katika 1976 ugonjwa ulizuka Yambuku. Profesa Muyembe alikwenda, akatoa damu za wagonjwa bila glavu. Damu nyingine ilisafiri katika thermos, ndani ya ndege ya abiria, hata Antwerp. Huko, na baadaye Atlanta, mikroskopi ya elektroni ilionyesha virusi virefu kama mnyoo uliojikunja. Ndiyo Ebola.

Miaka 42 ikapita, Ebola ikaingia kwetu Kivu ya Kaskazini, tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Ilishika watu zaidi ya 3.400, ikaua zaidi ya 2.200. Na Beni na Butembo watu wengi walisema: «Haiko. Ni biashara.» Hata waganga waliuawa. Ukosefu wa usalama na siasa vilichangia sana, tusiwadharau wale watu. Lakini hapa ndipo tunapowajibu wenzetu wa kukariri. Picha ya yule mnyoo ilikuwako tangu 1976. Mtu ambaye hajaangalia hata siku moja katika lensi yoyote, ataaminije picha iliyopigwa mbali, na mashini asiyoijua? Sisi wenyewe, wanafunzi wa biolojia, hatujaona hata chembe ya kitunguu. Tumepokea mitokondria kama tunavyopokea uvumi wa sokoni.

Wamoja watasema basi tudai mikroskopi ya elektroni iletwe Goma. Tusikimbie hivyo. Mashini ile inataka umeme usiokatika na sakafu isiyotikisika, na Nyiragongo hatuhitaji kuieleza. Tena siyo yenyewe inayopima kila mgonjwa: wakati wa Ebola hapa, maabara zilitafuta alama za virusi katika damu kwa vipimo vingine vya haraka zaidi. Ile ya elektroni ni ya kutambua adui asiyejulikana na kuona anavyoharibu chembe.

Tunachotaka ni kidogo. Wakubwa wetu wanasema zamani shule ilikuwa na mikroskopi moja ya mwanga. Vita vimepita, haiko tena. Ni mashini ya namna ileile iliyookoa kazi ya Epstein siku ya ukungu. Muuguzi mmoja anayepima malaria ametuambia kwamba anaweza kutuazima yake Jumamosi mchana, akimaliza wagonjwa, kama mwalimu atakuwepo na hakuna atakayegusa lensi kwa vidole. Tunamwomba Mkuu wa Masomo atukubalie. Wale waliosema ni mambo ya Wazungu tumewaandika wa kwanza kwenye orodha. Kila mmoja aje na daftari na penseli isiyo ya rangi. Kitunguu tutanunua sisi.