Visikizi Visitupwe Kabla ya Kuchunguzwa

Si jambo geni siku hizi kumwona abiria ndani ya daladala, mwanafunzi bwenini au karani ofisini akiwa amepachika masikioni visikizi vidogo visivyo na waya. Vijana huviita "eapodi", hata vile ambavyo havikutengenezwa na kampuni yenye jina hilo. Kifaa hicho, ambacho mwanzoni mwa miaka ya 2010 hakikujulikana madukani, leo kinauzwa Kariakoo na katika miji mingi ya mikoani kwa bei ya kila namna. Manufaa yake yapo. Mwanafunzi husikiliza somo bila ya kumsumbua mwenzake, na mfanyabiashara huzungumza na mteja huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Pamoja na kuenea huko, limezuka lalamiko ambalo sasa ni wimbo wa kila siku: visikizi havichaji. Mara upande wa kulia unajaa na wa kushoto unabaki mtupu. Mara kasha limechomekwa usiku kucha na asubuhi halina kitu. Mara taa inaonyesha kwamba betri imejaa, na baada ya nusu saa sauti inakatika. Wengi wakifikwa na hali hiyo hawaoni njia ila moja, nayo ni kuvitupa na kwenda kununua vingine.

Desturi hiyo ni mbaya na haina budi kukomeshwa. Mara nyingi kisikizi kinachotupwa hakikufa. Kimechafuka tu, au kimenyimwa umeme mahali fulani njiani. Na pale ambapo kweli betri imekwisha, wa kulaumiwa zaidi si mtumiaji bali ni yule aliyekitengeneza kwa namna ambayo hakifunguki. Yafaa mambo hayo mawili yatenganishwe, kwani kila moja lina dawa yake.

Kwanza ieleweke namna kifaa hiki kinavyopata umeme. Seti moja ya visikizi ina betri tatu: moja katika kila kisikizi, na moja kubwa zaidi ndani ya kasha. Umeme hutoka ukutani, hupita katika chaja na waya, huingia katika betri ya kasha, kisha hupita katika ncha ndogo za chuma zilizomo kashani na kuingia katika kisikizi. Huo ni mnyororo. Pete moja ikikatika, mwisho wake hakuna chaji, na kwa macho tu haijulikani ni pete ipi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima pete moja baada ya nyingine, kuanzia ukutani kuelekea sikioni, badala ya kukisia.

Kupima chaja na waya ni kazi ya dakika mbili. Waya ule ule na chaja ile ile vijaribiwe kwa simu. Simu ikikataa kuchaji, kosa si la visikizi. Lakini liko kosa jingine ambalo limewadanganya hata mafundi. Baadhi ya makasha ya bei nafuu yana tundu la aina ya USB-C, ila mtengenezaji, kwa kubana senti, ameacha kuweka rezista mbili ndogo ambazo kwa kanuni za USB-C huijulisha chaja kwamba kuna kifaa kinachohitaji umeme. Kasha la namna hiyo likiunganishwa na chaja kwa waya wenye ncha za USB-C pande zote mbili, chaja hukaa kimya wala haitoi umeme. Likiunganishwa kwa waya wa zamani, wenye ncha pana upande wa chaja, linachaji papo hapo. Mtu asiyelijua jambo hilo hutupa kasha zima kwa kosa la rezista mbili, wakati dawa yake ni kubadili waya.

Hali kadhalika, baadhi ya pawabenki hujizima zenyewe zinapoona kwamba umeme unaovutwa ni mdogo mno, na kasha la visikizi huvuta umeme mdogo. Kasha lililokataa kwa pawabenki lijaribiwe kwa chaja ya ukutani kabla ya kuhukumiwa.

Tundu la kasha nalo huziba. Kasha hukaa mfukoni na mkobani, na nyuzi za nguo hujishindilia humo hata ncha ya waya isifike mwisho. Dalili yake ni waya unaolegea, au taa inayowaka pale tu waya unapoegemezwa upande mmoja. Uchafu huo utolewe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, kasha likiwa halijachomekwa. Sindano au pini ya chuma isitumike, kwa maana yaweza kuunganisha ncha mbili na kuunguza kilichokuwa kizima.

Pete inayofuata, na ambayo kwa kawaida ndiyo yenye hatia pale upande mmoja tu unapokataa, ni zile ncha za chuma zinazokutanisha kisikizi na kasha. Nta ya sikio, jasho na vumbi hujipaka juu yake. Jasho lina chumvi, na chumvi ikikutana na umeme juu ya chuma huleta kutu, ambayo juu ya shaba huonekana kama ukoko wa kijani. Kwa watu wa pwani, ambako joto ni kubwa na hewa ina unyevu, uchafu huo haukawii kujijenga. Dawa yake ni kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti kidogo, kisha kitambaa kikavu. Visikizi visirudishwe kashani mpaka vikauke kabisa. Anayevitumia katika mazoezi na avifute kila anapomaliza. Mazoea hayo yatamwepushia matengenezo mengi.

Yako pia mambo madogo ambayo ni aibu kuyasahau. Visikizi vipya mara nyingi huja na utando mwembamba wa plastiki uliobandikwa juu ya ncha za kuchajia. Usipobanduliwa, havitachaji kamwe. Vipira vya masikioni vilivyonunuliwa kando, vikiwa vikubwa kuliko vya asili, huzuia kisikizi kukaa sawasawa katika shimo lake. Aidha, visikizi vingi hujua kwamba vimo kashani kwa kuonja umeme wa kasha. Betri ya kasha ikiisha, vyenyewe hudhani vimetolewa, huwaka, hujiunganisha na simu iliyo karibu na kukesha vikila chaji. Asubuhi mwenyewe hulalamika kwamba visikizi havitunzi chaji, kumbe kasha ndilo lililokuwa na njaa.

Baada ya hayo yote, kuna kuvirudisha visikizi katika hali yake ya awali. Ndani ya kila kisikizi mna kompyuta ndogo, nayo kama kompyuta nyingine hukwama. Namna ya kuikwamua hutofautiana kwa kila aina, na huandikwa katika kijitabu kinachokuja na boksi. Kijitabu hicho kisitupwe pamoja na boksi lake. Ama visikizi vilivyowekwa kabatini miezi mingi bila ya kutumiwa, betri zake huweza kushuka mpaka kinga iliyomo ndani ikakata umeme. Vya namna hiyo vichomekwe kwa saa kadhaa kabla ya kukatiwa tamaa. Na kifaa kilichoachwa juani ndani ya gari kipoe kwanza, kwa kuwa vingi hukataa kuchaji vikiwa na joto kupita kiasi.

Mtu akifuata hatua hizo, atakuwa ametumia muda usiozidi wa kunywa chai na senti chache za spiriti. Kuchunguza kabla ya kutupa si ubahili, bali ni kuitumia akili kabla ya kuutumia mfuko.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumwachia mtumiaji mzigo wote. Upo wakati ambapo mnyororo mzima ni salama, ncha ni safi, na bado kisikizi kinajaa kwa dakika chache na kuzimika upesi. Hapo betri yenyewe imechoka. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa mwaka 1991, na wavumbuzi wake watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ni uvumbuzi mkubwa, lakini una ukomo: baada ya kujazwa na kumalizwa mara mia kadhaa, uwezo wa betri hupungua. Betri ya kisikizi ni ndogo kuliko ya simu kwa zaidi ya mara mia moja, na hujazwa kila kinaporudishwa kashani. Si ajabu basi kwamba huchoka mapema. Ikivimba, isichajiwe tena wala isitobolewe, kwani yaweza kuwaka moto.

La ajabu ni kwamba betri hiyo, ambayo kila mtengenezaji anajua itachoka, hufungiwa ndani kwa gundi. Kampuni ya Apple ya Marekani ilipotoa AirPods za kwanza mwezi Desemba 2016, iFixit, ambayo kazi yake ni kufungua vifaa na kupima kama vyatengenezeka, ilizipa alama 0 kati ya 10. Watengenezaji wengi walifuata njia hiyo hiyo ya gundi. Maana yake ni kwamba spika nzima, maikrofoni nzima na saketi nzima hutupwa kwa sababu ya betri yenye ukubwa wa kifungo cha shati. Ni sawa na kuitupa tochi kwa kuwa mawe yake yamekwisha.

Wako wanaodai kwamba kifaa kidogo namna hiyo hakiwezi kutengenezwa vinginevyo. Dai hilo lilikanushwa kwa vitendo mwaka 2024, pale kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilipotoa visikizi ambavyo betri zake, za visikizi na ya kasha, hubadilishwa na mwenye navyo. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha Kanuni ya Betri namba 2023/1542, ambayo imeweka tarehe 18 Februari 2027 kuwa siku ya kuanza kutumika kwa sharti kwamba betri za vifaa vidogo ziweze kuondolewa na kubadilishwa na mtumiaji, isipokuwa kwa vifaa vichache vilivyotajwa. Kabla ya hapo, tangu tarehe 28 Desemba 2024, Umoja huo ulikwisha kulazimisha tundu la USB-C kwa simu, visikizi na vifaa vingine vidogo vinavyouzwa kwake. Basi linalowezekana kwa mnunuzi wa Ulaya laweza kudaiwa pia na mnunuzi wa Afrika ya Mashariki.

Na Afrika ya Mashariki ina haki ya kudai. Betri nyingi za vifaa vidogo zina kobalti ndani yake, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika nchi ya Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya mitaani. Madini hayo husafiri kwa malori masafa marefu, na sehemu yake hupakiwa melini katika bandari ya Dar es Salaam. Hurudi katika bandari ile ile yakiwa ndani ya kasha la visikizi, kwa bei nyingine kabisa. Kuyatupa jalalani baada ya mwaka mmoja ni kuidharau kazi ya yule aliyeyachimba na fedha ya yule aliyeyanunua.

Tena jalala lenyewe limefurika. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilionyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Vifaa vidogo ndivyo vinavyopotea kwa urahisi zaidi, kwa kuwa huingia katika pipa pamoja na maganda ya ndizi bila ya mtu kuona.

Kwa hiyo kila mmoja ana wajibu wake. Muuzaji na amwonyeshe mnunuzi, pale pale dukani, kwamba pande zote mbili zinachaji, na atoe dhamana iliyoandikwa badala ya maneno matupu. Fundi wa simu na asikimbilie kumwambia mteja anunue vingine kabla ya kusafisha ncha na kubadili waya. Vyuo vya ufundi stadi na viwafundishe vijana kazi hizi ndogo, kwani ndani yake mna riziki. Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani zina mamlaka ya kuzuia bidhaa hafifu na bandia. Kasha lisilo na rezista zake ni bidhaa hafifu hata kama linang'aa.

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Mnunuzi aulize kwanza kama betri yabadilishika, ndipo aulize bei. Na mwenye visikizi vilivyonyamaza asiende dukani leo. Achukue kijiti cha pamba, abadili waya, apime pete moja moja za mnyororo ule. Akishindwa baada ya hapo, atakuwa ameshindwa kwa haki, na atajua ni nani wa kumdai.